Vita vya prosesa: Kasi, stima na bei vinavyofika Kericho na Bomet

Mnamo Januari 2013, kampuni ya Safaricom ilianza kuuza nchini Kenya simu ya rununu iliyoitwa Yolo kwa bei ya Sh10,999. Kwa nje haikuwa na ajabu. Kioo chake kilikuwa cha inchi 3.5, kamera yake ya megapikseli 5, na ilitumia mfumo wa Android kama simu nyingine nyingi zilizopangwa madukani. Tofauti ilikuwa ndani. Prosesa yake, Atom Z2420, ilitoka kwa Intel ya Marekani, kampuni iliyotawala soko la tarakilishi kwa miongo mingi lakini ambayo ilikuwa bado inabisha hodi katika soko la simu. Yolo ndiyo iliyokuwa simu ya kwanza barani Afrika kubeba prosesa ya kampuni hiyo.

Kwa mkulima wa majanichai wa Litein au Mogogosiek, bei hiyo haikuwa ndogo. Kwa mfano wa hesabu, iwapo kiwanda kinamlipa Sh22 kwa kila kilo ya majani mabichi kabla ya bonasi, simu hiyo ni sawa na kilo 500. Mchumaji wa mkono hukusanya kilo 30 hadi 50 kwa siku. Hiyo ni kazi ya takriban wiki mbili, kabla ya kutoa gharama za mbolea na ujira wa mchumaji mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 2016, Intel ilifuta mpango wake wa kuunda prosesa za simu. Ili kuelewa ni vipi jabali kama hilo lilishindwa kuuza kitu cha Sh10,999, ni lazima kurudi nyuma na kutazama ushindani ambao umedumu kwa zaidi ya miaka 40.

Mizani yenye pande tatu

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kinachotekeleza maagizo ya programu. Ndani yake mna swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa ya kwanza ya Intel, 4004 ya mwaka wa 1971, ilikuwa na transista 2,300. Prosesa ya M1 ambayo kampuni ya Apple iliitoa Novemba 2020 ina transista bilioni 16, katika eneo lisilozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Mnunuzi hupima mambo matatu: kazi inayofanyika kwa muda fulani, umeme unaoliwa, na pesa zinazotoka mfukoni. Ugumu wote wa biashara hii ni kwamba mambo hayo huvutana. Ili prosesa ipige hesabu kwa kasi zaidi, mara nyingi huhitaji kuongezewa volti, na umeme unaotumika hupanda kwa mraba wa volti hizo. Umeme huo hugeuka kuwa joto, joto hudai feni na vyuma vya kulipoza, navyo huongeza uzito na bei. Anayetaka kasi ya bure hayupo katika soko hili.

Mpinzani aliyezaliwa na mnunuzi

Intel ilianzishwa mwaka wa 1968 na Robert Noyce pamoja na Gordon Moore. AMD ilianzishwa mwaka uliofuata, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Jerry Sanders. Kampuni hizo hazikuanza kama mahasimu. IBM ilipotoa tarakilishi yake ya kibinafsi Agosti 1981 ikiwa na prosesa ya Intel 8088, haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja. Ilidai kuwe na kiwanda cha pili chenye ruhusa ya kutengeneza chipu zile zile, na kwa mkataba wa 1982 AMD ikachukua nafasi hiyo. Mkulima wa majanichai anaielewa hofu ya IBM ingawa yeye yuko upande wa pili wa mizani: palipo na mnunuzi mmoja au muuzaji mmoja, bei hupangwa na mmoja.

Mapatano hayo yalivunjika na kuishia mahakamani. Mwaka wa 1991 AMD ilitoa Am386, nakala iliyoshindana moja kwa moja na chipu ya Intel, na tangu hapo tarakilishi za bei nafuu zikawa na chanzo cha pili.

Ushindani ulifika kileleni Machi 2000. AMD ilitoa prosesa ya Athlon yenye kasi ya gigahezi moja, na Intel ikajibu kwa Pentium III ya kasi hiyo hiyo siku mbili baadaye. Kuanzia hapo Intel iliweka imani yake katika gigahezi. Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, iliundwa ili mapigo yake yapande bila kikomo. Yalipanda kweli, lakini joto nalo likapanda. Aina zilizotoka mwaka wa 2004 zilivuka wati 100, na Mei mwaka huo Intel ikalazimika kufuta prosesa iliyokuwa imepangwa kuzifuata.

AMD ilikuwa imeshika njia nyingine: kufanya kazi zaidi katika kila pigo. Kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamezoeshwa kuhesabu gigahezi, ilizipa prosesa zake majina ya namba. Athlon XP 1800+, kwa mfano, ilikuwa na gigahezi 1.53 tu, na jina hilo lilikusudiwa kumwambia mnunuzi kwamba asidanganywe na mapigo. Lilikuwa jambo la ukweli na la biashara kwa wakati mmoja. Mwaka wa 2003 AMD iliitangulia Intel kwa kupeleka prosesa za biti 64 katika tarakilishi za kawaida, na Intel ikalazimika kufuata muundo wa mpinzani wake. Hadi leo tarakilishi za familia hiyo zinatumia muundo huo.

Intel ilijirudi Julai 2006 kwa Core 2, iliyotokana na fikra za prosesa ya vipakatalishi iliyobuniwa na wahandisi wake nchini Israeli. Mapigo yalipungua, umeme ukapungua, kazi ikaongezeka. AMD ilipoteza mwelekeo kwa karibu miaka kumi.

Haikuwa vita ya wahandisi pekee. AMD ilidai kwamba Intel ilikuwa ikiwapa watengenezaji wa tarakilishi punguzo la bei kwa masharti ya kuwafungia nje wapinzani. Novemba 2009 Intel ilikubali kuilipa AMD Dola bilioni 1.25 ili kumaliza kesi zao. Mei mwaka huo huo Tume ya Ulaya ilikuwa imeitoza Intel faini ya Euro bilioni 1.06. Faini hiyo ilibatilishwa na mahakama mwaka wa 2022, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ikathibitisha uamuzi huo Oktoba 2024.

Chipu iliyofanya kazi bila kuunganishwa

Huku wawili hao wakipimana ubavu kwa wati 100, mshindi wa bara la Afrika alikuwa akitayarishwa Cambridge, Uingereza. Mwaka wa 1985 wahandisi wa kampuni ndogo ya Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, waliunda prosesa iliyoitwa ARM. Walitaka iwe rahisi kiasi cha kufungwa katika plastiki ya bei ya chini isiyostahimili joto. Furber amesimulia kwamba walipoipima mara ya kwanza waligundua kuwa waya wa kuipa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme mdogo uliovuja kutoka sehemu nyingine za ubao.

Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI walianzisha kampuni ya ARM. Kampuni hiyo ilijijenga kwa kuuza leseni za michoro yake badala ya kumiliki viwanda vya chipu. Qualcomm ya Marekani, MediaTek ya Taiwan, Unisoc ya China na wengine wengi hulipia leseni, hubuni chipu zao, na kuzitengenezesha katika viwanda vya wengine. Matokeo yake ni kwamba Intel haikupambana na kampuni moja katika simu. Ilipambana na soko zima ambalo lenyewe lilikuwa likichinjana kwa bei.

Katika milima ya Kericho na Bomet, suala la umeme si la nadharia. Eneo hili linajulikana duniani kwa ngurumo na mvua ya mawe, na stima hupotea mara kwa mara mvua inapochachamaa. Simu inayokaa na chaji siku mbili ni kifaa. Inayozima saa nane mchana ni mzigo. M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilisambaa kwa simu ndogo za vitufe ambazo prosesa zake zilikuwa dhaifu, lakini zilikula umeme kidogo mno.

Prosesa za namna hiyo ziko pia katika mizani. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, vikiwemo Momul, Kapkatet, Tegat na Toror katika Kaunti ya Kericho na Kapkoros, Tirgaga, Kapset na Rorok katika Kaunti ya Bomet, vilianza kutumia mizani za kielektroniki katika vituo vya kununulia majani. Awali karani alisoma mshale na kuandika kilo kwa kalamu, na manung'uniko ya kilo zilizokatwa hayakuisha. Kifaa cha mkononi cha karani husoma uzito, huchapa stakabadhi na kuhifadhi rekodi ya mkulima. Vifaa vya aina hii duniani hutumia kwa kawaida prosesa za muundo wa ARM, kwa sababu ni lazima vimalize siku nzima kwa betri katika kibanda kisicho na stima. Hapa hakuna anayeuliza gigahezi ngapi. Kinachohitajika ni kwamba kilo 18 zilizoletwa ziandikwe 18.

Kilichoiangusha Yolo

Miaka miwili hivi kabla ya Yolo, Safaricom ilikuwa imeuza IDEOS ya Huawei, kwa bei iliyokaribia Sh8,000. Prosesa yake ya Qualcomm, ya muundo wa ARM, ilikuwa na megahezi 528. Ile ya Yolo ilifikia gigahezi 1.2. Kwa hesabu ya gigahezi pekee, Intel ilikuwa imeshinda zaidi ya maradufu.

Lakini mwaka wa 2013 ushindani haukuwa tena wa gigahezi. Kwanza, wapinzani walikuwa wameweka prosesa na modemu, yaani sehemu inayowasiliana na minara ya mtandao, katika chipu moja. Prosesa ya Yolo ilihitaji modemu ya pembeni, na kila chipu ya ziada ni gharama ya ziada. Pili, baadhi ya programu za Android zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya maagizo ya ARM, hivyo ilibidi zitafsiriwe zikiwa zinatumika. Tatu, MediaTek iliwapa watengenezaji wadogo wa simu wa China chipu pamoja na mchoro mzima wa simu, kiasi kwamba hata kampuni changa ingeweza kutoa simu mpya kwa miezi michache.

Intel ilijaribu kununua nafasi. Mwaka wa 2014 kitengo chake cha simu na mawasiliano kilipata hasara ya Dola bilioni 4.2. Mwaka huo huo ilitangaza kuwekeza Dola bilioni 1.5 katika kampuni mama ya Spreadtrum ya China, iliyokuwa ikiunda chipu za simu za bei ya chini kwa muundo wa ARM. Spreadtrum ndiyo inayojulikana leo kama Unisoc, na chipu zake pamoja na za MediaTek ndizo zimejaa katika simu za Tecno, Itel na Infinix zinazouzwa kuanzia Kapsoit hadi Silibwet. MediaTek yenyewe iliipita Qualcomm kwa idadi ya chipu za simu zilizouzwa duniani katika robo ya tatu ya 2020.

Serikali nayo ina mkono katika bei. Juni 2009 Kenya iliondoa ushuru wa thamani, VAT, kwa simu za rununu, na mauzo yakapanda. Sheria mpya ya VAT ya 2013 iliurejesha kwa asilimia 16. Hakuna mhandisi wa Taiwan anayeweza kufuta kwa mchoro nyongeza ya aina hiyo.

Vita vilivyoingia darasani

Kabla ya kupigania simu, waundaji prosesa walipigania wanafunzi. Mradi wa Marekani wa One Laptop per Child, ulioongozwa na Nicholas Negroponte, uliahidi kipakatalishi cha Dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Bei halisi ilikaribia Dola 190. Prosesa iliyochaguliwa ilikuwa Geode ya AMD yenye megahezi 433, iliyotumia takriban wati moja. Intel ilijibu kwa kipakatalishi chake, Classmate. Julai 2007 Intel ilijiunga na bodi ya mradi huo, na Januari 2008 ikatoka kwa mzozo, huku wakuu wa mradi wakiilaumu kwa kuuza Classmate kwa serikali zile zile.

Rwanda ilichagua vipakatalishi vya mradi wa Negroponte na kuvigawa kwa maelfu shuleni. Kenya ilikwenda njia nyingine, na kwa kuchelewa. Ahadi ya kampeni ya 2013 iligeuka kuwa mpango wa kidijitali ambao vifaa vyake vilianza kufika shule za msingi mwaka wa 2016. Zabuni ziligawanywa kati ya Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH. JP Sá Couto ndiyo iliyokuwa imeunda kipakatalishi cha Magalhães kwa shule za Ureno mwaka wa 2008, kwa msingi wa Classmate. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa nchini. Shule nyingi za mashambani zilikumbana kwanza na swali la chaji na usalama wa vifaa, kisha ndipo likaja swali la kasi.

Hesabu ya stima na mitumba

Kwa mwenye duka la huduma za mtandao mjini Kericho au Sotik, tofauti ya prosesa huonekana kwenye bili. Tarakilishi ya mezani ya enzi ya Pentium 4 pamoja na kioo chake huweza kula wati 150 au zaidi. Mashine kumi zikiwashwa saa kumi kwa siku hutumia uniti 15. Kwa mfano wa Sh25 kwa uniti, hiyo ni Sh375 kwa siku, au Sh9,750 kwa siku 26 za kazi. Vipakatalishi kumi vya wati 25 hutumia uniti 2.5, yaani Sh1,625 kwa muda huo huo. Tofauti ya Sh8,125 kila mwezi hununua kipakatalishi kilichotumika baada ya miezi michache tu. Mashine ya kutupwa inayopatikana kwa bei ya bure mara nyingi huwa ndiyo ghali.

Vipakatalishi hivyo vilivyotumika, vingi kutoka maofisi ya Ulaya na Marekani, ndivyo mlango wa familia nyingi na wanafunzi wa vyuo kama Chuo Kikuu cha Kabianga kuingia katika tarakilishi. Hapa ndipo mvutano wa Intel na AMD unapomgusa mnunuzi bila yeye kujua.

AMD, chini ya Lisa Su aliyeiongoza tangu Oktoba 2014, ilirejea Machi 2017 kwa prosesa za Ryzen zilizotoa viini vingi kwa bei ya chini. Hadi wakati huo i5 ya Intel ya vipakatalishi vyembamba ilikuwa na viini viwili, kizazi baada ya kizazi. Agosti 2017 Intel ilitoa kizazi cha nane, na i5-8250U ikawa na viini vinne kwa kiwango kile kile cha wati 15. Ni vigumu kuamini kwamba ukarimu huo ungetokea bila Ryzen. Dukani, i5-7200U na i5-8250U zinabandikwa kibandiko kinachofanana na kuitwa tu "i5".

Tofauti hiyo ilizidi uzito Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, ikiwapa watumiaji wa nyumbani nafasi ya nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 inahitaji, kwa mashine nyingi za Intel, kizazi cha nane au zaidi, na kwa AMD, Ryzen nyingi kuanzia mfululizo wa 2000. Maofisi ya ng'ambo yakitupa mashine za vizazi vya sita na saba, nyingi huelekea masoko kama ya Kenya. Bado zinaweza kufanya kazi kwa mfumo wa bure wa Linux, lakini bei yake yapasa kuakisi hali hiyo.

Huko juu, mizani imegeuka tena. Apple iliacha Intel kuanzia Novemba 2020 na kutumia prosesa zake za muundo wa ARM. Intel yenyewe ilibadilisha uongozi Machi 2025, na Agosti mwaka huo serikali ya Marekani ikatangaza kuchukua takriban asilimia 10 ya hisa zake. Kenya ina kampuni ya Semiconductor Technologies Limited katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, na kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023, lakini prosesa za simu na tarakilishi bado zinatoka ng'ambo.

Anayenunua kipakatalishi cha mitumba anaweza kukiwasha, kufungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha maelezo ya mashine, na kusoma jina kamili la prosesa. Kwa Intel nyingi za Core, tarakimu ya kwanza baada ya alama ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni cha sita, i5-8250U cha nane. Namba ikianza na 1, tarakimu mbili za kwanza ndizo zinazohesabiwa, hivyo i5-10210U ni cha kumi. Herufi U huonyesha aina inayotumia umeme kidogo. Muuzaji anayekataa kuwasha mashine ili jina hilo lisomwe hapaswi kulipwa.